Shangazi, rafiki zangu wananiita Matroni wa kambi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 26. Nina kundi la marafiki niliosoma nao sekondari, tuko sita, na tukipata nafasi huwa tunakwenda pamoja kwenye tamasha kubwa la muziki, lile la kupiga kambi: unafika Ijumaa, unasimika hema, unaondoka Jumatatu ukiwa huna sauti. Nalipenda kupita maelezo. Lakini tangu safari iliyopita, nikisikia tu linatajwa, moyo unanienda mbio, na si kwa furaha.

Mambo yalikuwa hivi. Tiketi za wote nilinunua mimi, kwa sababu "wewe ndiye unayeyajua haya mambo". Wengine walinirudishia, mmoja hadi leo ananipiga chenga. Hema nilileta mimi, hema moja kubwa lililoandikwa la watu sita. Tulipofika, wenzangu walibwaga mabegi wakakimbilia jukwaani kumwahi msanii wa kwanza. Nikabaki napigilia vigingi peke yangu, upepo unanipeperushia turubai usoni, hadi jirani wa kambi akanionea huruma akaja kushika upande wa pili.

Usiku ule rafiki yangu wa karibu kuliko wote alikunywa kupita kiasi, akatoweka. Simu haipatikani. Nilizunguka gizani nikijikwaa kwenye kamba za mahema ya watu mpaka nikamkuta kwenye kambi ya vijana aliofahamiana nao jioni hiyohiyo, amelala chali, hajitambui sawasawa. Nikamrudisha kwa kusaidiwa, nikamlaza ubavu, nikakaa naye. Msanii niliyemsubiri mwaka mzima nilimsikia kwa mbali, nikiwa nimeshika ndoo.

Kesho yake alfajiri baridi ilikuwa kali. Mwenzetu mmoja akaingiza hemani lile jiko la mkaa tulilopikia jioni. Akasema moto umeshakufa, limebaki joto tu. Nililitoa nje, tukakorofishana, ndipo akanibatiza Matroni. Wote wakacheka, jina likashika. Nikimwambia mpiga picha wetu kwamba kule mbele kabisa ya jukwaa tunabanwa mno, "Matroni kaanza." Nikiuliza nani ana maji, "Matroni!" Na usiku kuna wachumba wawili katika kundi letu ambao hugombana kwa kunong'ona, na hema ni moja, sote tunasikia kila neno.

Sasa wameanza kupanga safari nyingine na tayari nimeulizwa kama nimeshaangalia tiketi. Natamani niwe na hema langu peke yangu, lakini nikisema wataona najitenga. Rafiki yangu wa karibu ameniambia, "Safari hii tulia, ufurahi kama wengine." Shangazi, ni kweli mimi ndiye ninayewaharibia? Nisiende? Au niende nijifanye sioni?

Wako,
Matroni Asiyelipwa

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na jiko, ingawa wewe umelipitia haraka kama kisa cha kuchekesha. Pale hukuwa mkali wala hukumharibia mtu raha. Mkaa unaofifia, hata ule uliofunikwa na majivu ukaonekana umekufa, huendelea kutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho kama moshi. Ikiingia kwenye damu inachukua nafasi ya oksijeni, na aliyelala hapati hata mwanya wa kushtuka. Watu wameshakufa mahemani kwa namna hiyohiyo, wengine wakiwa na jiko walilodhani limezimika. Kuacha zipu wazi kidogo hakutoshi. Jiko la gesi ni hatari vilevile, na jenereta iliyowekwa ubavuni mwa hema nayo ni hatari.

Ubaya wake zaidi kwenye tamasha ni kwamba dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na mwili kulegea. Sasa niambie, nani huamka tamashani bila hayo? Mtu anasema ni pombe ya jana, anajigeuza upande wa pili aendelee kulala. Kwa hiyo kama watu wawili watatu wa hema moja wanaamka wanaumwa kichwa kwa pamoja, na mmoja wao hata hakuonja kilevi, tokeni wote nje hapohapo, kisha mmoja akimbilie huduma ya kwanza na aseme wazi kwamba kulikuwa na jiko ndani. Hili halipigiwi kura. Huyo mwenzenu anaweza kukuita Matroni mpaka uzee, jiko libaki nje.

Lakini na yeye alikuwa na shida ya kweli, alisikia baridi, na ukimpa dawa ya baridi ugomvi unakwisha. Baridi ya hemani hutoka chini zaidi kuliko juu. Godoro la kujaza upepo peke yake halisaidii sana, maana hewa iliyo ndani yake inapoa pamoja na ardhi. Atandike mkeka wa sponji au blanketi nene kati yake na godoro. Avue nguo alizochezea, zimelowa jasho hata kama hazionekani, avae kavu, soksi kavu, na kofia. Chupa ya maji ya moto iliyokazwa kizibo, ikaviringishwa kwenye fulana na kuwekwa miguuni, inafanya kazi kuliko watu wanavyoamini. Na pombe anayosema inampasha moto inamdanganya: inasukuma damu kwenye ngozi, ngozi inahisi joto, huku mwili wenyewe unazidi kupoa.

La pili ambalo hukukosea ni kukaa na rafiki yako. Mlevi asiyejitambua akilala chali anaweza kupaliwa na matapishi yake mwenyewe. Ulimlaza ubavu, ukabaki naye, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Niongeze tu, ili siku nyingine usibebe mzigo huo peke yako. Ukiona mtu haamki ukimtikisa na kumwita, au anapumua chini ya mara nane kwa dakika, au kati ya pumzi na pumzi zinapita sekunde kumi na zaidi, au midomo imegeuka rangi na mwili umepoa, huyo si wa kulindwa hemani. Ni wa kuitiwa wahudumu wa afya mara moja. Usimwagie maji baridi, usimnyweshe kahawa, usimlazimishe kutapika. Vijana wengi huogopa hema la huduma ya kwanza wakidhani wataitiwa askari au watatolewa nje ya uwanja. Wale wahudumu wapo kwa ajili ya hilohilo, na wanachohitaji ni kuambiwa ukweli amekunywa nini na kiasi gani.

Hata suala la mbele ya jukwaa, niko upande wako. Mwaka 2000, kwenye tamasha la Roskilde kule Denmark, watu tisa walikufa kwa kubanwa mbele ya jukwaa. Hawakuwa watu wa vurugu, walikuwa mashabiki kama nyinyi. Msongamano ukifika mahali huwezi kuinua mikono yako ukaigusa sura yako, au unajikuta unapelekwa na mawimbi ya watu bila kupiga hatua mwenyewe, wakati wa kutoka umekwishafika. Ondokeni kwa kukata mshazari kuelekea pembeni mawimbi yanapotulia, mikono ikiwa imekunjwa mbele ya kifua ili mapafu yapate nafasi, na simu ikianguka iacheni. Mpiga picha wenu apige zake kutoka pembeni. Hata huko picha zinatoka.

Sasa nikugeukie wewe, mwanangu, na usinune.

Uliuliza kama ni wewe unayewaharibia. Kwenye jiko, ulevi na msongamano, hapana. Lakini nimeisoma barua yako tena na tena, na naona tiketi ulinunua wewe, hema ulileta wewe, vigingi ulipigilia wewe, na sijaona mahali uliposema "njooni hapa kwanza, hema lisimame ndipo twende." Jirani wa kambi alikuonea huruma kwa sababu alikuona. Wenzako walikuwa jukwaani, wangekuonaje? Mtu akifanya kila kitu kimyakimya halafu akaanza kufoka usiku, watu hawakumbuki vigingi, wanakumbuka kufoka. Ndiyo maana hata lile la jiko, ambalo ni suala la uhai, walilisikia kama kelele nyingine ya Matroni. Ukiwa mtu wa kusema kila kitu, siku ya kusema kitu kikubwa huna sauti iliyobaki.

Kwa hiyo punguza. Nani ana maji? Kila mtu mzima ana koo lake. Nani kapaka mafuta ya jua, nani kalala saa ngapi, nani kavaa viatu vya wazi kwenye matope, achana nao. Miguu yao itawafundisha. Bakiza machache sana ambayo hutayalegeza, uyaseme kabla hamjaondoka, mchana, watu wakiwa na akili zao. Kujifanya huoni siyo ushauri wangu. Tulia kwenye madogo, ndipo watakusikia kwenye makubwa.

Hema lako mwenyewe: chukua, tena bila kuomba radhi. Una sababu ambayo haimgusi mtu. Hema linaloandikwa la watu sita limehesabiwa watu wakiwa wamelala bega kwa bega kama samaki kwenye kopo, bila begi hata moja. Ukitia mabegi, viatu vyenye matope na mtu mmoja anayelala akijirusha, hilo ni hema la watu wanne. Basi waambie hivyo: "Tulibanana, safari hii naja na langu dogo, nitalisimika palepale karibu nanyi." Hakuna wa kubisha. Na wachumba nao walete la kwao. Ugomvi wa wapenzi ukipewa chumba chake huisha mapema, ukipewa wasikilizaji huchukua usiku kucha.

Mkifika, kabla ya kufungua begi lolote, tembeeni kidogo. Msilale karibu na vyoo, wala njia kuu ya kwendea vyoo, ambako usiku mzima watu wanapita na kujikwaa kwenye kamba zenu. Msilale bondeni pia, maana mvua ikinyesha mtakuwa wa kwanza kujua. Pigilia kigingi kikiwa kimelalia upande wa kuachana na hema ili kamba isiking'oe, na funga kitambaa cheupe kwenye kila kamba. Ulijikwaa kwenye za wenzako, unajua ninachosema. Na hii ni kazi ya watu sita. Wakitaka kukimbilia jukwaani, simika dogo lako, kisha nenda nao. La kwao litawasubiri walisimike wenyewe usiku kwa tochi. Niamini, litafanyika hilo mara moja tu.

Ukiwa peke yako hemani utasikia muziki kuliko ulivyozoea, kwa hiyo nunua vizibo vya masikio, vile vya sponji. Vinafaa usingizini na hata jukwaani. Masikio yanahimili sauti ya desibeli 85 kwa takriban saa nane, na kila ikipanda desibeli tatu muda huo unakatika nusu, hivi kwamba kwenye desibeli 100, ambazo kwenye matamasha ni za kawaida, ni kama robo saa tu. Kivingirishe kati ya vidole mpaka kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kishikilie mpaka kitanuke. Watu wengi hukibandika mlangoni tu halafu wanasema havifanyi kazi.

Nije kwenye kupoteana. Wahenga walisema kupotea njia ndiyo kujua njia, lakini hawakuwa wakimzungumzia mtu aliyelewa, usiku, kati ya mahema elfu yanayofanana, mwenye simu isiyo na chaji. Pale uwanjani maelfu ya simu zinagombea minara michache, kwa hiyo kupiga hakupitiki. Ujumbe mfupi wa maandishi hupenya mahali simu imekwama, lakini huweza kuchelewa, hivyo andikeni saa ndani yake: "Saa nne na nusu usiku, niko kwenye mnara wa taa wa kushoto." Ujumbe wa "niko hapa karibu na jukwaa" haumsaidii mtu. Chagueni kituo kimoja kisichohama, kisiwe mbele ya jukwaa wala lango kuu, na saa maalumu za kukutana hapo kila usiku hata kama hakuna aliyepotea. Mtu asipotokea, mnajua mapema, si alfajiri. Namba za simu za wenzako ziwe kwenye karatasi mfukoni. Na anayetaka kuhamia kambi ya marafiki wapya ana ruhusa yake, ni mtu mzima, ila amwambie mmoja wenu anakwenda wapi na amwonyeshe kwa macho.

Kubwa kuliko yote katika barua hii ni zamu. Kila usiku mmoja wenu hanywi. Huyo ndiye mwenye tochi nzuri, simu iliyojaa chaji na masikio wazi, naye ndiye anayeamka mtu akiumwa. Kesho ni mwingine. Na ninyi mpange zamu kwa kuangalia ratiba ya wasanii, ili usiku wa msanii wako wewe uwe huru kabisa, hata ikitokea nini anayeshughulika ni mwenye zamu. Hapo ndipo wataujua uzito wa ndoo. Sina hamu ya kuwakomoa, lakini hakuna maelezo yatakayowafikia kama usiku mmoja wa kumchunga mtu anayetapika kwenye viatu vyako.

Rafiki yako wa karibu usimseme kwenye kundi. Mtafute mkae wawili. Ninavyohisi, haujui ule usiku kama unavyoujua wewe. Yeye anakumbuka alikunywa, akaamka hemani kwake, kichwa kinamuuma na wewe umenuna. Basi kwake ni kweli hukufurahi. Mweleze ulimkuta wapi na katika hali gani, na kwamba ulikosa onyesho ulilolisubiri. Usimalize kwa "lakini basi yameisha", maana hayajaisha. Mwulize safari hii atafanya nini tofauti, halafu unyamaze umngoje ajibu. Akikasirika, mpe siku chache. Akicheka tu na kukuita Matroni, basi umejua, na zamu yake uipange usiku wa kwanza.

Anayekudai... samahani, unayemdai wewe, hilo ni jepesi. Tiketi safari hii hainunuliwi kwa ahadi. Kila mtu anunue yake, au akutumie fedha kwanza ndipo ununue. Deni la zamani mwambie alilipe kabla, na kama hawezi lote, alete gesi ya kupikia na maji ya kambi nzima, mhesabiane.

Kwenye kundi tuma kitu kifupi, mapema, kabla tiketi hazijatoka. Mfano huu hapa, ugeuze upendavyo:

"Jamani, nakuja, ila safari hii kila mtu anunue tiketi yake. Nitakuwa na hema langu dogo karibu nanyi, lile kubwa nawaazima, mje nalo na mlisimike. Naomba tukubaliane matatu kabla: moto wa aina yoyote hauingii hemani, kila usiku mmoja hanywi kwa zamu, na tunakutana kituoni saa tutakazopanga. Mengine yote kila mtu na lake, sitauliza. Nani anachukua zamu ya Ijumaa?"

Swali la mwisho usilifute. Usipouliza hapo, Ijumaa itakuwa yako. Wakijibu kwa vichekesho tu na hakuna anayeandika jina lake, usijaze nafasi hiyo wewe. Subiri. Ikifika siku ya kununua tiketi kungali kimya, mchukue yule mmoja au wawili waliokubali, mwende nao, hata kama wengine watakuwa uwanja huohuo kwenye kambi nyingine. Mtakutana jukwaani mkacheze, kila mmoja arudi kwake kulala.

Na jina hilo la Matroni, kama litaendelea, mwachie mwenye zamu.

Shangazi